Wanaonunua mashine za simu zilizokufa kwa kilo hapa Mbeya, mzigo unaenda wapi?

#1 Fundi Kabwe
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi simu, kibanda kipo Kabwe. Kuna jamaa wanapita kwa mafundi kuanzia Sido, Mwanjelwa mpaka Soweto wananunua mashine za simu zilizokufa, yaani zile bodi za ndani, wanapima kwa kilo. Zamani hizo tulikuwa tunarusha kwenye ndoo, ikijaa dogo anaenda kumwaga na takataka zingine. Sa hivi wanagombania, wanakuja na mizani ya kuning'iniza. Za simu za tachi zina bei yake, za viswaswadu zina bei yake, na wanavipenda sana viswaswadu vya zamani kuliko hizi simu mpya za bei chee. Ukimletea bodi ya TV au ya redio anakuangalia kama umemtukana mama yake. Kioo hataki, betri hataki, kava hataki. Nikimuuliza unapeleka wapi anacheka anasema "mjini". Mjini gani wakati tupo mjini? Jirani yangu anasema zinaenda Chunya kwenye machimbo kutolewa dhahabu. Mwenye kuujua mnyororo wote atueleze, maana isije ikawa tunauza dhahabu kwa hela ya chai.

#2 Isyesye Boy
Funga kibanda mkuu, wewe ni mwekezaji wa madini 😂

#3 Mwl wa Fizikia
Dhahabu ipo kweli, ila tupige hesabu kwanza. Kuna makadirio ya mamlaka ya mazingira ya Marekani ambayo watu wengi wanayatumia, wanasema simu milioni 1 ukizichakata vizuri unapata shaba tani 16 hivi, fedha kilo 350, dhahabu kilo 34 na paladiamu kilo 15. Gawa mwenyewe. Simu moja inakupa dhahabu gramu 0.034, yaani unahitaji simu kama 30 ndo uguse gramu moja, tena kwa mitambo ya wenzetu isiyopoteza kitu. Wajapani medali zote za Olimpiki ya Tokyo walizitengeneza kwa vifaa chakavu vya wananchi, walikusanya tani karibu 79,000 na humo kulikuwa na simu zaidi ya milioni 6, na dhahabu waliyoambulia ni kilo 32. Kwaiyo Fundi hujaibiwa sana, ila umeibiwa kidogo.

#4 Sokomatola Finest
Mwalimu umesema simu 30 gramu moja halafu unasema hajaibiwa sana? Gramu ya dhahabu unajua inauzwaje leo? Mimi nna ndoo mbili za skrepa za simu nyumbani, hazitoki tena.

#5 Karasha Makongolosi
Nipo Chunya, naongea nilichokiona. Huku kwetu jiwe likisoma gramu 5 kwa tani watu wanachinja mbuzi. Sasa kwa hesabu ya mwalimu hapo juu tani ya simu ni gramu mia tatu na kitu, kwenye makaratasi hakuna mgodi unaofua dafu mbele ya hiyo. Kuna mtu alisikia hizo hadithi akaleta viroba vya mabodi toka huko mjini. Wakapitisha kwenye karasha la kusagia mawe, ile bodi ina nyuzi nyuzi za kioo ndani, vumbi lake likawasha watu mwili mzima na macho. Wakaosha na zebaki, ikashika kiduchu, kwa sababu dhahabu ya kwenye bodi ni rangi imepakwa juu ya nikeli na shaba, haijakaa chenga chenga kama ya kwenye jiwe. Akakimbilia plant ya sayanaidi, wanakoyeyusha dhahabu kwa dawa. Mwenye plant alivyoona tu akamwambia toa huo uchafu, maana shaba inakula sayanaidi kabla dhahabu haijaanza kuguswa, utamwaga dawa mpaka ufilisike. Jamaa karudi na viroba vyake. Mi nasema Chunya sio, labda kama kuna wajanja wa asidi wanaofanya uani usiku.

#6 Sokomatola Finest
Mbona Yutyubu Wahindi wanatoa na ndoo na asidi tu, unaona kabisa unga unatua chini?

#7 Nesi wa Zamu
@Sokomatola Finest kaka yangu usijaribu. Hiyo asidi wanachanganya nitriki na haidrokloriki, inatoa moshi wa kahawia. Ule moshi ukiuvuta unaweza kukohoa kidogo ukajiona mzima, ukala, ukalala, baada ya masaa kadhaa mapafu yanajaa maji. Tunapokea watu tunaambiwa "alikuwa anasafisha betri" na mdomo umeungua. Na ile asidi ikishatumika inabaki na shaba, risasi na nikeli, unamwaga wapi? Mtaroni, na Mbeya hii mitaro yote inashuka mtoni ambako watu wanamwagilia mboga tunazokula.

#8 Tunduma Boda
Nyie mnahangaika na Chunya, mzigo unapita huku. Nimeshaona viroba vinavuka kwenda Nakonde vimechanganywa na nguo. Fikiria mwenyewe, Zambia wana matanuru ya shaba Mufulira, Chambishi huko, bodi ni shaba tupu, unatupia kwenye tanuru pamoja na mawe yao basi. Hata huko Ulaya ndo wanafanya hivyo hivyo.

#9 Mwl wa Fizikia
@Tunduma Boda la Ulaya upo sahihi. Kiwanda cha Rönnskär kule Sweden kilianza na mawe ya shaba na siku hizi kinayeyusha na mabodi, na kule Hoboken Ubelgiji kuna kampuni inaitwa Umicore, wao wanatoa madini aina 17 kwenye mchanganyiko kama huo, na wanakulipa baada ya kupima sampuli ya mzigo wako. Ila matanuru ya namna hiyo duniani ni ya kuhesabu, yanahitaji mitambo ya kunasa moshi maana plastiki ya bodi ina bromini, ikiungua moshi wake ni sumu. Kuona viroba vinavuka mpaka haina maana vinaenda tanuruni, vinaweza kuwa vinatafuta bandari nyingine tu.

#10 Mzee Chogo
Vijana hamjui kitu. Wanachotafuta hao ni zebaki nyekundu. Ilikuwa kwenye TV za chogo na redio za mbao. Nilikuwa na TV ya inchi 21 nimeitupa mwaka 2013 walipozima analojia hapa Mbeya, baadaye nasikia watu wanaitafuta kwa mamilioni. Ndo maana mpaka leo wanapita mitaani wanaulizia TV mbovu.

#11 Kamwene Iringa
Hahahaha mzee wangu, na rupia za Mjerumani hujazipata bado?

#12 Isyesye Boy
Muulize pia pasi ya mkaa yenye jogoo 😂😂

#13 Bloa Mashinetatu
Shikamoo mzee Chogo. Kwa heshima zote, zebaki nyekundu haipo na haijawahi kuwepo. Mwaka 2009 Saudia watu walinunua cherehani za Singer kwa bei ya gari kwa uvumi huo huo, wakaishia kubaki na cherehani. Wanaoulizia TV mbovu wanataka ile koili ya shaba ya kwenye shingo ya kioo, wakishaing'oa kioo wanakipasulia hapo hapo, na kile kioo kina risasi ndani yake kilo moja mpaka mbili au zaidi kutegemea ukubwa.
Halafu 2013 hukutakiwa kuitupa ile TV mzee. Walizima mitambo ya kurushia tu, TV ya chogo ukiichomekea king'amuzi ilikuwa inaonyesha vizuri tu. Watu wengi sana walitupa TV nzima kwa kutoelewa.

#14 Mzee Chogo
Marahaba. King'amuzi nilinunua, kilikuwa hakina tundu la waya wangu. Msinifundishe.

#15 Bloa Mashinetatu
Sawa mzee 🙏
Nirudi kwenye mada. Mimi ni fundi pia, Iringa mjini. Kwangu maelezo ni mepesi kuliko dhahabu. Bodi "iliyokufa" haijafa yote. Vinachomolewa vile vidude vidogo vyeusi, aisii ya chaji, aisii ya mtandao, memori, vinapelekwa Kariakoo, mtu anavipasha na bloa ya hewa moto anavisafisha anaviuza kama vipya. Nyie mnaonunua aisii za bei rahisi mnadhani zinatoka China moja kwa moja? Ndo maana mnunuzi anachagua aina ya simu, angetaka dhahabu peke yake angechukua chochote.

#16 Fundi Kabwe
@Bloa Mashinetatu hapo ndo sikuelewi mkuu, huyu wangu anachukua mpaka zilizokatika vipande na zilizoungua, anavyozirushia kwenye kiroba na kukanyaga na buti ili kiroba kijae, aisii gani itapona humo? Na anapenda viswaswadu vya zamani, nani anatafuta aisii ya kiswaswadu cha 2005?

#17 Mwl wa Fizikia
Hiyo ya kupenda za zamani inaendana na madini. Zamani walikuwa wanapaka dhahabu nene kwenye sehemu za kugusana, siku hizi wamebana matumizi.

#18 Bloa Mashinetatu
Basi kuna wanunuzi wa aina mbili. Wa kwangu hakanyagi na buti, anafunga kwa karatasi kabisa.

#19 Ilomba Kwetu
Swali dogo, hizo memori mnazouza zikiwa bado zina picha zetu inakuwaje? Nilipeleka simu kioo kimekufa fundi akasema haitengenezeki, nikamwachia. Picha za harusi zote humo, na nyingine sio za harusi.

#20 Isyesye Boy
Umenyamaza kama hujasema 🤣 nyingine za nini dada?

#21 Bloa Mashinetatu
Kioo kufa hakufuti kitu. Memori ipo kwenye mashine, mwenye vifaa anaweza kuisoma kama simu haikuwa na ulinzi. Simu nyingi mpya zinajifungia zenyewe kwa nywila, hiyo ni nafuu. Ushauri wangu simu usimwachie mtu bure, omba mashine yako uondoke nayo, kama hutaki uivunje kwa nyundo pale penye vile vidude vyeusi vya mraba.

#22 Fundi Kabwe
Ukivunja unaniharibia kilo zangu bwana 😀

#23 Tunduma Boda
Na zile simu feki za 2016? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozizima ile tarehe 16 mwezi wa 6 nilikuwa na mbili, *#06# ikaleta namba za ajabu. Nadhani ndo chanzo cha huu mzigo wote, watu walikuwa nazo makabatini.

#24 Kamwene Iringa
Zangu zipo mpaka leo, watoto wanachezea tochi.

#25 Mama Ngano Makete
Habarini. Naomba kuuliza tofauti kidogo maana nyie mnazungumzia simu tu. Huku kwetu kijijini umeme ulichelewa, kila nyumba ilikuwa na sola, ile ya kulipa kidogo kidogo na taa zake nne na redio. Baada ya miaka michache betri ikafa, kampuni iliyotuuzia ofisi ilishafungwa. Sasa kila nyumba ina lile boksi juu ya dari au limetupwa kwenye korongo. Betri nyingine imevimba kama andazi. Hao wanunuzi wa Mbeya wanakuja Makete?

#26 Sokomatola Finest
Makete hakuna haja ya kwenda kununua, Wakinga wakijua ina bei wataleta wenyewe na lori mpaka Sido halafu watainunua Sido nzima.

#27 Mama Ngano Makete
Na tutaweka na duka juu yake. Jibu swali.

#28 Fundi Kabwe
@Mama Ngano Makete mama hizo betri za lithiamu hakuna anayezitaka, ndo shida yenyewe, hata mimi nna ndoo imejaa. Iliyovimba usiitoboe, usiichome, usiitupe korongoni zikiwa zimegusana, maana ikipata shoti inawaka na moto wake maji kidogo hauzimi. Ziba ncha zake za chuma na selotepu, weka kwenye ndoo ya mchanga mkavu mbali na jikoni. Baada ya hapo upeleke wapi, sijui, hapo ndo nasubiri wajuzi humu.
Ila kama sola yako ilikuwa ya lile betri zito la maji au kama la gari, hilo linauzika kesho asubuhi, wanunua skrepa wote wanalitaka.

#29 Kyela Mchele
Ugonile. Hayo mazito huku ziwani hatuuzi, tunayapasua wenyewe. Wavuvi wanayeyusha risasi kwenye sufuria wanamimina kwenye tundu za mchanga, wanapata chubwi za nyavu. Marehemu babu alikuwa anafanya nyuma ya jiko, sisi watoto ndo tunapuliza moto. Hatukudhurika, tupo na tumesoma.

#30 Nesi wa Zamu
Ndaga fijo Kyela kwa mfano, ila hilo la "hatukudhurika" sikubaliani nalo. Risasi haikuangushi siku hiyo hiyo. Inaingia kwa vumbi na moshi inakaa kwenye mifupa, mtoto anakuwa mzito darasani, anasahau, damu inapungua, mama mjamzito anampelekea mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ambacho kinajulikana kuwa salama. Jirani zetu Mombasa, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa ukutani kwa makazi ya watu, mama mmoja Phyllis Omido mwanae akapimwa akakutwa na risasi, akaanza harakati mpaka akapata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hiyo sufuria ya babu baadaye ilipikiwa nini?

#31 Kyela Mchele
Dada nesi sasa unanitisha. Ugali wa mbwa.

#32 Isyesye Boy
Na mbwa alisoma?

#33 Kyela Mchele
Alifika la saba.

#34 Sheria Kiganjani
Wakuu salamu. Naona hakuna aliyegusa sheria. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na chini yake kuna kanuni za mwaka 2021 mahsusi kwa taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Anayekusanya, kusafirisha, kuhifadhi, kuchakata au kutoa nje ya nchi anatakiwa awe na kibali, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Kwaiyo huyo wa mizani ya kuning'iniza, mwulizeni kibali kabla ya kumuuliza mji gani.
Halafu Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel, ule wa kudhibiti taka hatarishi zinazovuka mipaka, tangu 1993. Zamani mtu angeweza kubishana kwamba bodi zake hazina sumu kwaiyo sio taka hatarishi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 mwanya huo umezibwa, taka zote za elektroniki, yenye sumu na isiyo na sumu, haivuki mpaka bila nchi inayotuma kuiarifu nchi inayopokea, na zile inazopitia, na kukubaliwa kwa maandishi. Viroba vya @Tunduma Boda vilivyochanganywa na nguo ni kosa huku na ni kosa kule.

#35 Fundi Kabwe
Sawa mkuu, ila jiulize, mimi fundi wa kibanda nikimwambia alete kibali ataenda kibanda cha pili. Na nikikataa kuuza mzigo unaenda dampo, si ndo mbaya zaidi? Afadhali huyu asiye na kibali anayeondoa.

#36 Sheria Kiganjani
Anaondoa nusu. Umesema mwenyewe kioo, betri na kava anakuachia.

#37 Fundi Kabwe
Hapo sina cha kujibu.

#38 Mwl wa Fizikia
Na hapo ndo penyewe kwa maoni yangu. Kila mtu anachuma chenye hela. Mwenye koili anachukua shaba anaacha kioo chenye risasi. Mwenye nyaya anachoma plastiki apate shaba nyekundu, moshi ule una sumu ya dioksini, tunauvuta sisi. Mwenye bodi anachukua bodi. Kinachobaki hakina mwenyewe. Ripoti ya dunia ya 2024 ilisema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi na zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaojulikana ni asilimia 22.3, kwa Afrika haifiki hata asilimia 1.

#39 Sokomatola Finest
Mwalimu na asilimia zako, una simu ngapi mbovu kabatini?

#40 Mwl wa Fizikia
Nne na tableti.

#41 Karasha Makongolosi
Mwalimu hiyo ya haifiki asilimia 1 mi sikubali. Mbeya hii hamna kifaa kinachofika dampo kizima. Redio inatengenezwa mpaka inakuwa redio nyingine. Wanahesabu viwanda tu, hawahesabu fundi.

#42 Mwl wa Fizikia
Ni kweli, wanahesabu ya kwenye utaratibu rasmi. Kazi ya mafundi na waokota skrepa haimo kwenye hiyo namba. Ila kutengeneza redio ni kuchelewesha taka, ni jambo zuri sana, lakini ipo siku itafika.

#43 Kamwene Iringa
Mimi nafundisha sekondari moja huku, tuna stoo imejaa kompyuta za msaada. Zilikuja zikiwa tayari zimetumika huko kwao, zile za kichogo, zikafanya kazi kidogo zikafa moja moja. Hatuwezi kuzitupa, hatuwezi kuziuza, hatuwezi hata kumpa fundi, kwa sababu ni mali ya serikali, mpaka Mhakiki Mali aje akague, kibali cha kufuta kitoke. Mkuu wa shule aliyezipokea alishastaafu, aliyefuata akahama, wa sasa anazihesabu kila mwaka kwenye daftari la mali, "kompyuta, mbovu". Panya wamezaa ndani ya CPU. Tunaambiwa taka za elektroniki ni za matajiri, sisi tumeletewa kwa barua ya shukrani juu.

#44 Bloa Mashinetatu
Mwalimu shule gani hiyo nije na gari usiku 😀

#45 Kamwene Iringa
Nitajie kwanza kibali cha NEMC, nimeshasoma post namba 34.

#46 Ilomba Kwetu
Hiyo ya msaada imenigusa. Ghana kulikuwa na lile eneo la Agbogbloshie pale Accra, vijana wanachoma nyaya, kila mwandishi wa Ulaya anaenda kupiga picha. 2021 serikali ikalivunja na watu wakasema limeisha. Halijaisha, vijana wametawanyika mitaani wanachoma uani kwao. Naogopa hapa kwetu tukisikia tu "kibali kibali" matokeo yatakuwa hayo hayo, moshi utahamia Uyole.

#47 Uyole Kijiti
Kwa nini Uyole? Moshi pelekeni Iyunga kwa wasomi wa chuo kikuu cha MUST wautafutie dawa.

#48 Nesi wa Zamu
Kuhusu kuchoma nyaya naomba kusema kitu kwa akina mama humu. Vijana wengi wanaochoma ni watoto wetu, anatoka shule anaokota nyaya anauza shaba anunue daftari, huwezi kumpiga. Mwambie achune kwa kisu, inachukua muda lakini shaba iliyochunwa inang'aa na wanunuzi wanailipa vizuri kuliko iliyoungua. Hilo nimeambiwa na mnunuzi mwenyewe.

#49 Fundi Kabwe
Ni kweli, iliyoungua wanaikata bei.

#50 Uyole Kijiti
Nesi umenikumbusha shule ya msingi. Tulikuwa tunaambiwa kila mtu aje na betri za redio zilizokwisha, tunaponda, ule mkaa mweusi tunachanganya na majani tunapaka ubao. Mikono nyeusi wiki nzima. Au nayo ilikuwa sumu?

#51 Kamwene Iringa
Hiyo sisi wote tumefanya. Ubao ukipauka tu mwalimu anasema kesho betri mbili mbili.

#52 Mwl wa Fizikia
Ule weusi ni manganizi dayoksaidi na unga wa kaboni. Kwenye ngozi sio balaa, kuvuta vumbi lake mara kwa mara ndo sio kuzuri. Betri za zamani zingine ziliwekwa na zebaki kidogo. Siku hizi nyingi hawaweki.

#53 Mzee Chogo
Umeona? Zebaki. Nilisema.

#54 Isyesye Boy
Mzee amerudi na ushindi 😂😂😂

#55 Bloa Mashinetatu
Mzee zebaki ya kawaida, ile ile ya Chunya, sio nyekundu!

#56 Mzee Chogo
Rangi mtajua wenyewe.

#57 Dalali Mafiati
Nimesoma uzi wote kimya kimya, nafanya hii kazi kwaiyo nitasema kidogo nisijiharibie. Mimi nakusanya kwa mafundi nauza kwa mtu, huyo mtu ana stoo, akijaza anapakia kwenye basi au fuso kwenda Dar. Dar kuna wanaonunua wa aina nyingi, wenye kampuni na vibali wapo na wasio navyo wapo, wanachagua kwa daraja, bodi za simu zenyewe, za laptop zenyewe, ram na prosesa zenyewe ndo ghali. Baada ya hapo ni kontena. Wengine wanasema Ulaya, wengine Dubai, wengine India, mimi sijapanda hilo kontena. Aliyesema aisii ana ukweli maana kuna mtu anakuja stoo kuchambua kwanza kabla hatujapima. Aliyesema Tunduma pia sijui, kuna wenzetu wanaouza upande huo bei ikipanda. Kuhusu betri, jamani, sisi hatuzikatai kwa roho mbaya, hakuna anayezinunua kwetu, na fuso ya mzigo mmoja iliwahi kuwaka njiani kwa sababu ya simu zilizofichwa na betri zake ndani.

#58 Fundi Kabwe
Asante Dalali. Sasa kama mnachagua kwa daraja huko juu, mbona kwangu unanunua bei moja zote mchanganyiko?

#59 Dalali Mafiati
Kibanda chako kipo upande wa stendi au upande wa sokoni?

#60 Fundi Kabwe
Kumbe ni wewe 😡😂

#61 Sheria Kiganjani
Na kibali unacho?

#62 Sokomatola Finest
Dalali amepotea hewani.

#63 Karasha Makongolosi
Ngoja niulize, hizo ram na prosesa zenye pini za njano, za kompyuta za zamani kabisa. Hizo nimesikia dhahabu yake inaonekana kwa macho. Mwalimu?

#64 Mwl wa Fizikia
Prosesa za zamani za kauri zilikuwa nayo nyingi kuliko za sasa, ndiyo. Ila tatizo lako la shaba na sayanaidi liko pale pale.

#65 Kamwene Iringa
Za zamani kiasi gani mwalimu? Hizi za stoo yetu zina kibandiko cha 1998.

#66 Bloa Mashinetatu
Mwalimu wa Iringa usimjibu mtu yeyote, njoo inbox.

#67 Mama Ngano Makete
Bado hamjaniambia betri zangu nizipeleke wapi. Nimeziba na selotepu kama Fundi alivyosema, ndoo ya mchanga imejaa, na majirani wameshaanza kuniletea za kwao.